Bitana ya Ngozi

Mimi siwezi kuona uzi umening'inia nikauacha. Sijui nilizaliwa hivyo au ni cherehani iliyonifanya hivi, maana nimekaa nayo miaka thelathini na moja. Mtu akisimama mbele yangu kwenye foleni na uzi kwenye kola, mkono wangu hufika pale kabla ya akili. Nimewahi kumtoa uzi bwana harusi akiwa katikati ya kiapo. Nimewahi kumtoa uzi askari aliyekuwa akinigombeza kwa kuvuka barabara vibaya, akasahau alichokuwa akinigombezea. Wateja wakaniita Dada Uzi, na mdogo wangu akawa anawaambia kwamba hata siku ya kufa kwangu nitafumbua jicho moja nikague mshono wa sanda.

Huyo mdogo wangu naye ni fundi, ila yeye ni wa haraka. Tangu utotoni tunamwita Chapchap. Mimi nikiwa bado napima kola ya koti moja, yeye keshamaliza mawili na la tatu kalikata. Karakana yetu ni chumba kimoja chenye dirisha la kuelekea mtaani, cherehani mbili zinazotazamana, meza ya kukatia, na kona ya pasi yenye rafu juu yake. Mambo yote yalianzia kwenye hiyo kona.

Ilikuwa Jumanne asubuhi. Mteja alileta koti la sufi lenye doa la grisi, na Chapchap akalishughulikia kama mama yetu alivyotufundisha, na kama mafundi wengi wanavyofanya hadi leo wakanusurika: unalowesha kitambaa kwa petroli, unasugua, unaacha kikauke, unapiga pasi. Petroli ilikuwa kwenye kopo la maziwa, kopo liko kwenye rafu. Pasi ya mkaa ilikuwa ya moto kwa sababu mimi niliiwasha, kisha nikaitwa dirishani na mteja anayependa maneno. Chapchap aliinama kuokota brashi, akainuka kwa haraka yake ileile, bega likagonga rafu, kopo likammwagikia mgongoni. Nilisikia mlio kama wa shuka linalokung'utwa. Nilimrukia na koti la mteja, nikamlalia nalo mpaka moto ukazimika. Sitaeleza zaidi ya hapo. Mpaka leo nikipita kituo cha mafuta nabana pua.

Daktari wa upasuaji aliyempokea alikuwa mwanamke mfupi, miwani yake imefungwa kamba shingoni, na hakuwa mtu wa kuzungukazunguka. Alinikalisha kwenye kiti cha plastiki koridoni akaniambia mgongo wote umeungua, kuanzia chini ya shingo mpaka kiunoni, pamoja na nyuma ya mikono na mapaja. Ngozi imeungua unene wake wote, kwa hiyo haitaota yenyewe. Kwa kawaida wangechuna ngozi nyembamba sehemu nyingine ya mwili wake waje waibandike pale, lakini sehemu iliyobaki nzima ni ndogo, na mgonjwa mwenyewe ni mwembamba.

"Chukua yangu," nikasema, nikaanza kukunja mkono wa gauni. Mimi ni mnene. Nilimwonyesha kwamba hapa pana ngozi ya kuwatosha watu wawili na vipande vikabaki.

Hakucheka. Alisema ngozi yangu ingekaa pale wiki mbili tatu, kisha mwili wa mdogo wangu ungegundua kwamba si yake, ukaitema. Nikamwambia sisi ni tumbo moja, baba mmoja mama mmoja. Akanijibu kwamba mwili hauangalii tumbo. Neno hilo liliniuma kuliko malengelenge ya viganja vyangu niliyoyapata nikizima moto. Mama alipofariki Chapchap alikuwa na miaka minane. Mimi ndiye niliyemsuka nywele na kumshonea sare, halafu leo naambiwa mgongo wake haunijui. Nikanuna waziwazi, na daktari akaniacha ninune mpaka nikachoka.

Ndipo akachukua kalamu akanichorea nyuma ya fomu. Kwanza watasafisha kidonda na kuondoa kila kilichokufa. Kisha watatandika kitu kinachotengenezwa kiwandani kwa protini ya ng'ombe, chenye vitundu vidogo kama sponji. Mishipa midogo ya damu ya mgonjwa itatambaa polepole kuingia kwenye vitundu hivyo, na baada ya wiki tatu kile kitu cha ng'ombe kitakuwa kimegeuka nyama yake mwenyewe. Juu yake kuna utando mwembamba wa plastiki wa kuziba kwa muda. Wakati huohuo watakata kipande cha ngozi yake nzima kisichozidi stempu ya barua, wakipeleke maabara, wakioteshe mpaka kitoshe mgongo mzima. Siku ya ishirini na moja wanaondoa ule utando na kutandika ngozi iliyooteshwa.

"Bitana," nikasema.

Akauliza bitana gani tena. Nikamweleza kwamba hiyo ya chini ni bitana, kama ya ndani ya koti. Unaitandika kwanza, unaipigia bandi, ule mshono wa muda, isicheze, halafu ndipo kitambaa chenyewe kinakaa vizuri. Koti lisilo na bitana linavutana na kujikunja.

"Ni hivyohivyo," akasema. "Ngozi ya juu ikiwekwa bila ya chini inajikunja na kuvutana. Sasa nisikilize vizuri, mama. Hiyo bitana ikinyanyuka, au usaha ukiingia chini yake, ngozi ya juu haina pa kukaa, itakufa. Mwili wake una nguvu ya kulibeba jambo hili mara moja. Mara ya pili sina hakika."

Nilirudi nyumbani na maneno hayo, nikalala nayo, nikaamka nayo.

Maabara ilikuwa chini kabisa ya jengo, mwisho wa korido ndefu yenye mabomba darini. Hakuna aliyenialika. Nilikwenda kwa kiherehere changu mwenyewe, kesho yake baada ya upasuaji, nikasimama kwenye dirisha la kioo nikachungulia. Ndani alikuwamo bwana mmoja mrefu, amevaa kofia ya kitambaa na barakoa, amekaa kwenye stuli mbele ya kabati linalovuma kama feni. Alikuwa anafyonza maji ya rangi ya waridi kutoka kwenye visahani vya plastiki na kuweka mengine, tone kwa tone, mtulivu kama anatia uzi kwenye sindano. Nilisimama pale saa nzima. Alipotoka akaniuliza nimepotea. Nikamwambia sijapotea, ila ndani mle kuna mgongo wa mdogo wangu na nataka kujua unaendeleaje.

Pale hospitali walimwita Mkulima, na yeye alilipenda jina hilo. Alisema kazi yake ni kupanda, kulisha na kupalilia, tofauti ni kwamba shamba lake linaingia kwenye kabati. Hakuniruhusu kuingia, lakini aliweka kisahani chini ya darubini na picha ikatokea kwenye skrini iliyokuwa inaangalia kioo, ili nami nione kutoka nje. Nilitegemea kuona kitu kama ngozi. Nikaona vijiwe. Vijiwe vingi vidogo vyenye pembe, vimejikusanya huku na kule kama visiwa, katikati pakiwa patupu.

Tangu siku hiyo nikawa namsumbua kila alasiri kabla ya saa ya kuwaona wagonjwa. Nilimuuliza vile vijiwe, yaani seli zenyewe, zinakula nini, akasema sukari, chumvi, protini, na vitu vingine vya kuzidanganya kwamba bado ziko mwilini. Nilimuuliza kama zinajua ziko kwenye plastiki. Akafikiri, akasema kwa kweli hajui zinajua nini. Nilimuuliza anapumzika lini, akasema seli hazina Jumapili, na mke wake keshazizoea. Nikamuuliza zitajuaje pa kukomea, zisije zikaota mpaka zikajaa kabati. Hapo akaacha anachofanya akageuka kabisa, kama mtu aliyeulizwa habari za mtoto wake.

"Zinapanuka mpaka zigusane," akasema. "Zikishagusana pande zote, zinatulia."

"Nani anaziambia?"

"Hiyo ndiyo inayoniamsha kila siku nije kazini, mama."

Nilipanda ngazi siku hiyo nikiwa naangalia viganja vyangu. Malengelenge yalikuwa yamepona, ngozi mpya imekutana katikati na kunyamaza, na mimi wala sikuwa nimeshtukia. Miaka yote nimekuwa nikidhani kufunika mtu ni kazi yangu, kumbe kila mtu ana fundi wake wa ndani asiye na kelele. Nilijisikia mdogo, lakini udogo wa kupendeza.

Chapchap mwenyewe alikuwa amelazwa kifudifudi, uso umegeukia mlangoni, amefungwa bendeji kuanzia shingoni. Tulivaa magauni ya hospitali kabla ya kuingia, na mapindo ya yale magauni yalinitia uchungu, nyuzi nje nje, lakini nilijikaza kisabuni. Nilimpelekea habari za maabara kama mtu anayepeleka habari za mtaani. Nilipomwambia habari ya ng'ombe akauliza kama atakuwa anafukuza nzi kwa mkia. Muuguzi wa zamu, mama mmoja mnene kama mimi, alicheka mpaka akashika kitanda. Nikamwambia Chapchap wiki ya kwanza ikiisha salama tumevuka bonde. Nilisema hivyo kama vile mimi ndiye daktari.

Siku ya sita nikafanya nililofanya.

Bendeji ya begani kwa kushoto ilikuwa imeshuka kidogo, upana wa kidole. Kwenye ukingo wake kilichomoza kipande cha uzi mweusi, kifupi kama unyusi. Chapchap alikuwa ananisimulia ndoto aliyoota, na mimi nilikuwa nasikiliza, nakumbuka hata ndoto yenyewe, ilikuwa ya mteja aliyetaka suruali yenye miguu mitatu. Muuguzi alikuwa kitanda cha pili amenipa mgongo. Mkono ukaenda. Niliukamata ule uzi kwa kucha mbili nikauvuta kama ninavyovuta nyuzi zote, ukakataa, nikauvuta tena. Ukaja urefu wa kidole kizima, ukiwa na kaugumu fulani kama wa gundi, kisha ukakatika.

"Unafanya nini huko nyuma?" Chapchap akauliza.

"Uzi tu," nikasema. Nikauzungushia kidoleni kama desturi yangu, nikautia mfukoni. Nikapandisha bendeji ikakaa sawa, nikaridhika kabisa na nafsi yangu.

Kesho yake Mkulima aliniona kutoka mbali akaniashiria niwahi. Alikuwa na kitu cha kunionyesha, akasema, maana anajua napenda vitambaa. Kwenye kisahani alikuwa amehifadhi kipande kilichobaki cha ile bitana, walichokikata pembeni siku ya upasuaji, anachofundishia wanafunzi. Akakileta mpaka kwenye kioo. Kilikuwa cheupe, kimelowa, upande mmoja sponji, upande mwingine unang'aa. Akaniambia nitazame ule upande unaong'aa.

Nyuzi nyeusi zilikuwa zimepita ndani yake, zimenyooka, zimeachana kwa nafasi sawa.

"Ukikishika kimelowa huwezi kujua juu ni wapi na chini ni wapi," akasema. "Kuna mahali walikiweka kinyume, ule utando ukatazama kidonda, kazi yote ikaharibika. Kwa hiyo sasa wanapitisha nyuzi kwenye utando wa juu. Ukiziona nyuzi, ujue umekiweka sawa. Si ni kama nyie mnavyotia alama ya chaki kwenye kitambaa?"

Nilimjibu ndiyo. Nilisikia sauti yangu ikisema ndiyo, ni kama chaki hasa, ni jambo la akili sana. Mfukoni kidole changu kilikuwa kimeshaugusa ule uzi, bado umejikunja kama nilivyouzungusha.

Nilikaa kwenye benchi la korido muda wa kutia zipu mbili. Sitajisifu, mawazo yangu hayakuwa mazuri. Nilijiambia uzi mmoja si kitu. Nilijiambia bendeji itafunguliwa Ijumaa, nayo ilikuwa Jumatatu, na kama kuna tatizo wataliona wenyewe, na hakuna atakayejua limetoka wapi. Nikisema watanifukuza wadini. Chapchap hana mwingine wa kumtembelea. Pasi niliiwasha mimi, na sasa na hili tena ni mimi. Nitawezaje kumtazama mtoto wa mama yangu? Nililia pale, kwa kwikwi, na fundi bomba mmoja akapita na ngazi yake akijifanya hanioni.

Kilichoninyanyua ni yale maneno ya daktari, mara moja, mara ya pili sina hakika. Nikapiga moyo konde nikapanda ngazi. Nilimkuta akila chakula chake cha mchana mezani. Sikusalimu. Nikauweka uzi mbele yake, karibu na kijiko.

Aliutazama, akavaa miwani, akautazama tena. Alijua ni nini kabla sijafungua mdomo. Aliniuliza mambo matatu tu: lini, bega lipi, urefu gani ulitoka. Akaacha chakula akatoka mbio, na kwa mwili wake mfupi sikudhani anaweza kukimbia vile.

Walifungua bendeji mimi nikiwa nje, nimebandika paji la uso kwenye kioo cha mlango. Sikuona chochote ila migongo ya wauguzi. Alipotoka alikuwa ameloa jasho. Alisema kona ya bitana imenyanyuka, sehemu sawa na kiganja changu, na maji yameshaanza kujikusanya chini yake, machafu. Wameikata ile kona, wamesafisha, wamebana iliyobaki kwa pini upya. Pale palipokatwa hapatapata bitana tena. Patapona na kovu nene. Mengine yameshika.

"Ungekaa nalo mpaka Ijumaa," akasema, "ningefungua nikute bega zima limekwenda, na huenda na mgongo."

Nilidhani ananishukuru. Akanipa vidonge vyangu hapohapo, koridoni, mbele ya wafagiaji. Aliniambia mikono yangu ni ya hatari kuliko vijidudu, maana vijidudu angalau vina dawa. Akanipiga marufuku kuingia wadini siku kumi. Sikumjibu kitu, na wanaonijua watakwambia hilo ni jambo la kuandikwa kwenye kalenda.

Siku zile kumi nilikuja kila alasiri nikakaa nje ya mlango. Muuguzi mnene alinihurumia, akawa ananipitishia salamu. Chapchap aliambiwa kila kitu siku ileile. Kwa siku tatu hakunitumia neno. Siku ya nne alituma kuuliza kama lile koti la mteja liliungua lote au bega tu, nikajua walau ananizungumzia kazi. Nilishinda kwa Mkulima, ambaye naye nilimwambia ukweli, na kwa muda mrefu akawa anaifuta meza ileile. Hatimaye akasema kosa ni lake pia. Alizionyesha nyuzi kwa wanafunzi wote, na hakufikiria kwamba mtu wa kuonyeshwa kwanza ni fundi cherehani. Vile visiwa kwenye skrini vilikuwa vimekaribiana. Palibaki vijito vyembamba tu katikati. Nilivitazama kila siku vikizidi kuwa vyembamba, na siku vilipotoweka nilimwomba arudie kunionyesha kisahani kingine, na kingine, mpaka akaniambia mama, vyote vimefunga, nenda nyumbani ukapumzike.

Siku ya kumi na moja niliruhusiwa. Nilivaa gauni langu la hospitali nikaingia kwa adabu. Chapchap alikuwa vilevile, kifudifudi, uso mlangoni. Alinitazama mpaka nikakaa.

"Mgongo wangu si koti, dada."

Nikasema najua.

"Hujui. Ungejua usingevuta. Sasa kalia mikono yako."

Nilidhani utani. Hakuwa anatania. Nikaweka viganja vyangu chini ya mapaja nikavikalia, na hivyo ndivyo nilivyokaa saa nzima ya kila siku tangu hapo, kama mtoto aliyekamatwa akiiba sukari, huku yeye akinisimulia ndoto zake. Nyuzi za mapindo ya hospitali zilinichekea kila upande. Sikugusa hata mmoja.

Ngozi yenyewe ilipandishwa siku ya ishirini na moja. Mkulima aliibeba kwa mikono yake, kwenye sanduku la joto, hakumpa mtu. Alipofika kwangu alisimama, akafungua kifuniko kidogo nione kwenye kisahani cha juu. Kilikuwa kitu chepesi kuliko ule utando wa katikati ya maganda ya kitunguu, hakina rangi, kimelazwa juu ya kitambaa cha dawa. Nilikaa nusu maisha yangu nikitafuta kitambaa kisicho na uzito, na hicho hapo. Stempu moja ilikuwa imegeuka mgongo mzima wa mwanamke. Nilitaka kuuliza maswali ishirini nikajikuta sina hata moja, mikono nimeifunga nyuma.

Walisubiri siku nane ndipo wakafungua. Daktari alitoka, akaivua miwani akaiacha ining'inie. Alisema imeshika. Kuna vipande viwili vidogo kiunoni vilivyotoka, vitapona vyenyewe, na lile kovu la begani liko palepale. Lakini imeshika. Kisha akanishika bega, akaniambia sasa naweza kuacha kukalia mikono, muuguzi kamsimulia.

Bado palikuwa na jambo moja, naye hakunificha. Ngozi hii ni yake kabisa, itamfunika na kumlinda, ila haina vinyweleo wala haitoi jasho, kwa hiyo atapakwa mafuta kila siku na asikae kwenye joto. Na habari ya kuhisi, hajui. Mishipa ya fahamu huwa inaingia polepole kutoka chini, miezi, pengine mwaka. Wengine hupata yote, wengine nusu, wengine inabaki kama kuvaa nguo isiyovulika.

Chapchap alisema akiweza kukaa kwenye cherehani, hayo mengine ni mapambo. Alisema hivyo mbele ya daktari. Nyumbani ikawa tofauti. Kila Ijumaa baada ya kumpaka mafuta alinitaka nimjaribu. Nilichukua vitu kwenye droo ya kazi: chaki, kastabini ya kuvalia kidoleni, kifungo, ncha ya futikamba, pamba. Yeye alifumba macho, mimi nikapitisha kastabini ya baridi kutoka bega mpaka bega, nikashuka nayo uti wa mgongo, nikarudi juu.

"Umeshaanza?" alikuwa anauliza.

Nilikuwa nimeshamaliza. Nikawa namwambia ndiyo kwanza naanza, nakwenda dirishani kufuta macho, narudi kuanza upya. Ijumaa zikawa nyingi. Ikafika mahali nikaanza kuvisahau makusudi vile vitu droo ya chini, naye akaacha kuniuliza viko wapi. Tulirudi kazini. Petroli haikanyagi tena chumba kile, doa likitushinda tunamrudishia mteja na doa lake. Akawa anashona kwa haraka yake ya zamani, na feni imeelekezwa mgongoni kwake. Na mimi nilikula kiapo mbele yake kwamba simgusi uzi wowote, hata ukimning'inia urefu wa kamba ya kuanikia nguo. Wateja walishangaa. Nilikuwa namwona na nyuzi begani, kwenye kola, kwenye nywele, nameza mate naendelea na zangu.

Ilikuwa asubuhi kama nyingine, mwezi wa kumi na tatu tangu atoke hospitali. Cherehani zote mbili zilikuwa zinakwenda. Yake ikanyamaza.

"Dada, kuna uzi mgongoni kwangu."

Nilimjibu bila kuinua kichwa kwamba kiapo ni kiapo, ajikung'ute mwenyewe.

"Hauko kwenye gauni. Umeingia kwa ndani."

Mguu wangu ukaacha pedali. Nikamuuliza uko upande gani.

"Kushoto. Chini ya lile kovu lako. Unanitekenya."

Nilizunguka meza nikasimama nyuma yake, mikono nimeifunga nyuma kwa mazoea. Akainamisha kichwa. Nilitumia kidole kimoja tu kuvuta kola. Ulikuwepo, mweupe, mwembamba kama unywele, umelala kwenye ile ngozi laini ya waridi, upana wa vidole viwili chini ya kovu. Haukuwa na uzito wowote. Nikautazama mpaka ukaanza kunitetemekea machoni.

"Unauona?"

"Nauona."

"Basi utoe. Leo ndiyo umekuwa mtu wa kusubiri?"

Niliukamata kwa kucha mbili nikauvuta taratibu, nikauacha ujiburute mgongoni urefu wake wote, naye akawa ananiambia ulipofika. Sasa uko katikati, akasema. Sasa unakwenda kulia. Sasa umetoka.

Na kweli ulikuwa umetoka.